Mbwa Aliyepanda Kilima Bila Kukoroma

Jambo la mwisho la kawaida tulilofanya pamoja, mimi na mke wangu Nakijwa, lilikuwa kumpandisha mbwa kilima. Ni kilima kifupi nyuma ya nyumba yetu huku Lushoto, kutoka getini hadi kwenye bomba la maji la kanisa. Mbwa mwenyewe alikuwa Kungu, jike wa aina ya buldogi wa Kifaransa, mwenye mimba ya wiki tano. Nakijwa alishika kamba. Mimi nilishika saa.

"Dakika tatu, Mwalimu," alisema. "Usinipunguzie."

"Nimewahi kukupunguzia?"

"Hujawahi. Ndiyo maana nakupa saa, sikupi mbwa."

Tulipofika bombani alipiga magoti, akaweka sikio kwenye shingo ya Kungu, akafumba macho. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili.

"Anakwaruza kidogo," alisema. "Lakini mimba hii ina baba mzuri. Akitokea mmoja humu, akafikisha mwaka, akapanda hapa bila sauti, na akawa mpole wa kukaa na watoto, huyo asiuzwe. Apewe aliyemfanya awe hivyo."

"Nani huyo?"

Alicheka, akajipangusa vumbi magotini. "Utamwona mwenyewe."

Tukashuka, tukanywa chai. Saa nane mchana alianguka jikoni. Moyo ulisimama kabla sijafika mlangoni. Kuhusu mbwa huyo hakuacha neno jingine zaidi ya hayo niliyowaambia.

Ninyi mnaonisikiliza, wakubwa kwa wadogo, shauri hili limenishinda, nami nawaletea mlipime. Nitajitahidi kuweka kila kitu mahali pake.

Huenda wengine hamjawahi kuwaona mbwa hawa. Ni wafupi, wapana wa kifua, masikio yamesimama kama ya popo, na uso umebonyea kana kwamba walikimbia wakagonga mlango. Hawabweki ovyo. Mtoto akiugua, mbwa huyu atalala chini ya kitanda chake tangu asubuhi hadi jioni, na ukimwita kula atakutazama tu. Kasoro waliyo nayo hawakujiletea. Watu walipenda pua fupi, wakachagua wenye pua fupi, kisha wakachagua wenye fupi zaidi, mpaka hewa ikakosa njia. Mbwa akaanza kukoroma hata akiwa macho, watu wakafurahi. "Msikie, anakoroma kama babu!" Hata sisi tulicheka hivyo kwa miaka miwili ya mwanzo. Nakijwa ndiye aliyetangulia kuacha kucheka.

Tangu hapo alitaka kitu kimoja: buldogi anayepumua, mpole, wa kulelewa na familia. Alikitafuta kwa miaka tisa.

Watu watatu walimsaidia, na kila mmoja ana kipaji chake.

Wa kwanza ni Mzee Shekalaghe, aliyekuwa mkaguzi wa mbao katika kiwanda cha kupasulia magogo. Kipaji chake ni macho. Ubao ukipita mbele yake mara moja, atakuambia utapinda upande gani ukikauka. Mzee humtazama mbwa vivyo hivyo. Akimwona anatembea, anajua uti wa mgongo umekaaje na nyonga zitamsumbua lini.

Wa pili ni Daktari Anande, daktari wa mifugo. Kipaji chake ni mikono. Nimemwona akipapasa tumbo la mbuzi huku akizungumza na mwenye mbuzi kuhusu bei ya mbolea, kisha akakatiza katikati ya sentensi na kusema, "Wapo wawili, na mmoja ana njaa."

Wa tatu ni Bi Mkunde, jirani yetu, anayefundisha chekechea uani kwake. Kipaji chake ni subira. Ana watoto ishirini na mmoja, na sijawahi kumsikia akimfokea hata mmoja. Ila mbwa aliwaogopa. Alipokuwa binti mdogo aliumwa na mbwa kwenye shavu la mguu, na kovu analo mpaka leo. Kwa miaka kumi na minne ya ujirani alinisalimia kutoka ng'ambo ya barabara.

Sasa sikilizeni walichofanya.

Mzee Shekalaghe alikuwa na dume lake, Jemedari. Uso wa Jemedari ulikuwa bapa kama kisosi, na kwa sababu hiyo alisifiwa wilaya nzima. Wenye majike walikuja kumwomba kutoka Korogwe na Moshi, na mzee aliwapokea akiwa amevaa koti. Nakijwa hakumwomba kitu. Alimwambia tu, "Shikamoo Mzee. Mlete Jemedari kilimani kwangu."

Jemedari hakufika bombani. Dakika ya pili alikaa chini, ulimi ukageuka zambarau.

"Huyo ana maringo," mzee alisema. "Ndivyo alivyo. Mfalme hakimbizwi."

"Huyu hana maringo, Mzee wangu," Nakijwa alisema. "Huyu anazama. Tofauti yake na wewe ukizama ni kwamba yeye yuko nchi kavu."

Mzee aliinama, akamtazama mbwa wake kwa muda mrefu. Macho yale yaliyokuwa yakiona ubao utakaopinda kesho yalikuwa hayajaliona hilo kwa miaka minne, maana alikuwa akiutazama uso tu. Wiki iliyofuata alimpeleka Jemedari akahasiwe. Wenye majike wakaacha kuja, na koti likarudi kabatini. Kisha akapanda basi hadi Mafinga, ambako tulisikia kuna dume wa aina hiyohiyo asiyependwa kwa kuwa pua yake imetokeza kidogo na sikio moja limelala. Aliitwa Karanga. Mzee alikaa uani kwa wenyewe siku nzima, akamtazama akicheza na mpira jua la saa saba. Jioni alitupigia simu. "Mama, nimepata ubao ulionyooka. Sura mbaya, lakini umenyooka." Alirudi naye kwenye kiti cha mbele cha lori la mbao, safari ya siku mbili, dirisha wazi, mbwa mapajani. Karanga ndiye baba wa mimba ile.

Nadhani mmeona. Bila mzee, mtoto angezaliwa na pua ya Jemedari.

Wiki nne baada ya mazishi, Kungu alishikwa na uchungu saa nne asubuhi. Nakijwa alikuwa amenifundisha: saa mbili za kusukuma bila mtoto, mwite daktari. Alipokuwa amesukuma kwa saa mbili na dakika moja nilipiga simu. Mvua ilikuwa imeporomosha udongo barabarani, pikipiki ya Daktari Anande ikaishia njiani, naye akamalizia kwa miguu, mkoba kichwani, bila msaidizi.

Alimpapasa Kungu, akakunja mikono ya shati. "Mtoto wa kwanza amekaa kingamo. Mwalimu, ondoa kitambaa mezani."

Alimpasua kwenye meza yetu ya chakula. Watoto walikuwa watatu. Wawili walikuwa wameshakufa. Aliyebaki, jike la rangi ya andazi, alikuwa na moyo unaopiga ila hapumui. Daktari alishona mfuko wa uzazi wa mama kwanza, upesi, kisha akamtwaa mtoto, akamfyonza majimaji puani, akaanza kumsugua kwa taulo.

"Ngozi ya mama inaweza kusubiri dakika kumi," alisema. "Zaidi ya hapo dawa ya usingizi itamwisha, nitampoteza na yeye. Shika saa. Zikifika kumi niambie, nitamwacha mtoto nirudi kwa mama."

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa juu ya Kungu, wa kulia umeshika saa. Daktari alisugua, akamgeuza, akasugua tena. Mikono yake haikufanya haraka wala haikupumzika. Kisha ikatoka sauti nyembamba, kama mlango wa kabati usio na mafuta. Daktari alimweka mtoto kwenye kapu lenye chupa ya maji ya moto, akageuka, akamshona mama. Wote wawili waliishi. Kungu hakuzalishwa tena; Nakijwa asingeruhusu.

Nadhani na hilo mmeliona. Bila daktari, pua nzuri ya Karanga isingevuta hata pumzi moja.

Siku alipokuja kutoa nyuzi, Daktari Anande alimtazama mtoto akinyonya peke yake, akatikisa kichwa. "Hapa kuna kazi nyingine. Watoto wa mbwa hufundishana. Mmoja anamng'ata mwenzake, mwenzake analia, anajua kwamba meno yanaumiza. Huyu hana ndugu. Atakua mzima wa afya, halafu atamng'ata mtoto wa watu bila kujua kosa lake."

Bi Mkunde alikuwa amenileta uji, kama alivyofanya kila siku tangu msiba. Alisimama mlangoni, pale anaposimama siku zote, mbali na mbwa.

"Kwa hiyo anahitaji wa kumlilia?" aliuliza.

"Ndiyo, Bi Mkunde. Wa kung'atwa na kumlilia, kila siku, miezi mitatu hivi."

Bi Mkunde aliweka bakuli la uji chini. Alikuja hatua moja, akasimama. Akaja ya pili. Kisha akakaa sakafuni, akanyoosha kidole kimoja, huku uso ameugeuzia ukutani. Mtoto alikinusa, akakinyonya.

"Hana hata meno," alisema kwa sauti ya mtu aliyedanganywa.

Meno yalikuja. Kuanzia wiki ya nne alimchukua kila asubuhi kwenye chekechea yake. Akimng'ata, Bi Mkunde alipiga ukelele, "Ai!", akampa mgongo na kunyamaza, kama ambavyo ndugu yake angefanya. Kisha akageuka na kumpa mkono uleule. Kwa siku nyingi vidole vyake vilikuwa na alama kama vya mtu anayekuna nazi vibaya. Alimzoesha sauti za nyumbani: sufuria likianguka, mvua juu ya bati, mwavuli ukifunguliwa. Watoto nao aliwawekea sheria. Mtoto hamfuati mbwa; anakaa kwenye mkeka, mbwa akitaka anakuja. Asipokuja, amekataa, na anayekataa haburutwi. Watoto ndio waliompa jina Andazi.

Siku moja Shangwe, wa miaka minne, alijikwaa akamwangukia Andazi usingizini. Nilikuwa uani, niliona. Mbwa aliruka, akageuza kichwa, mdomo wazi, akalikuta sikio la mtoto. Akaliramba.

"Ameniosha sikio!" Shangwe alilalamika.

"Mshukuru," Bi Mkunde alisema. "Mimi jana nilikuambia uoshe mwenyewe."

Bila Bi Mkunde, Andazi angekuwa na pua ya kupumulia na uhai wa kuitumia, na bado asingefaa kukaa katika nyumba yenye mtoto.

Mwezi uliopita Andazi alitimiza mwaka. Nilichagua Ijumaa, saa nne asubuhi, jua kali, na nikawaita wote watatu kilimani. Mzee Shekalaghe alivaa koti. Bi Mkunde alishika kamba. Mimi nilishika saa, dakika tatu kamili. Bombani Daktari Anande alipiga magoti, akasikiliza kwa kifaa chake upande wa kulia, wa kushoto, kooni. Alikivua masikioni, akamtazama mzee.

"Sisikii kitu."

"Kifaa kimeharibika?"

"Mzee, hakuna cha kusikia. Anapumua tu."

Tulishuka hadi barazani, nikamimina chai, nikawaeleza maneno ya mwisho ya Nakijwa. Nilikuwa sijamwambia mtu. Asiuzwe. Apewe aliyemfanya awe hivyo.

Mzee Shekalaghe aliweka kikombe chini. "Basi lisitusumbue. Kitu ni mti. Fundi hata awe nani, gogo bovu halitoi meza. Mimi nilimhasi mbwa wangu, na Jemedari amekufa kwa joto mwezi wa pili, sina mbwa. Nipeni Andazi, nitamtafutia dume mwingine kama Karanga, na kazi ya Mama Nakijwa itaendelea kizazi baada ya kizazi. Daktari tunamshukuru. Alimfungulia mlango tu."

"Mlango wenyewe niliukata mimi, Mzee," Daktari Anande alisema. "Ubao wako ulikuwa umekaa kingamo. Ningechelewa kidogo, mngemzika Andazi na pua yake nzuri. Mimi kila wiki naletewa mbwa wanaokoroma, na wenyewe wananiambia ndivyo walivyo. Nikiwa na Andazi pale kliniki, nitawaambia: weka sikio hapa, sikia mbwa anavyotakiwa kuwa. Mmoja tu akisikia, nimeokoa mbwa kumi."

"Haya, mmempa pua, mmempa pumzi," Bi Mkunde alisema. "Mbwa mwenye pua na pumzi ndiye aliyening'ata mimi." Alipandisha gauni kidogo, wakaliona kovu. "Nakijwa alitaka mbwa wa watoto. Watoto ninao mimi, ishirini na mmoja, na wote anawajua kwa harufu. Na mimi mwenyewe, jamani, mimi, nimevuka barabara."

Mzee alicheka. "Bi Mkunde, hoja yako ni nzito, ila umeshusha gauni mapema."

"Nenda zako, mzee mzima!"

Mtu akapendekeza zamu, wiki hapa na wiki pale. Nadhani ni mimi. Bi Mkunde alikataa. "Huyu alizaliwa hana ndugu. Msimfanye asiwe na kwao."

Ndipo Daktari Anande aliponigeukia. "Na wewe je, Mwalimu?"

"Mimi nilishika saa tu."

"Nami nataka kuiuliza hiyo saa. Siku ile nilikuambia dakika kumi. Niliinua macho mara moja nikaona saa ya ukutani. Zilikuwa zimepita kumi na moja. Nikakutazama. Ukaitazama saa yako, ukanyamaza. Nikajisemea, huyu mtu hajawahi kukosea dakika. Akinyamaza ana sababu. Nikaendelea kusugua. Mtoto alilia dakika ya ngapi?"

Nilifundisha kemia kwa miaka thelathini na mmoja, na sijawahi kuandika kipimo ambacho sikukiona. "Ya kumi na tatu," nilisema.

"Na mama?"

"Kuanzia ya kumi na moja mguu wake wa nyuma ulikuwa unatikisika chini ya mkono wangu."

Mzee Shekalaghe alivua kofia. Bi Mkunde alinitazama kwa namna ambayo nilidhani atanikaripia, kama angekuwa mtu wa kukaripia.

"Sikufanya lolote," nilisema. "Sikusema neno nililopaswa kusema. Kungu angekufa, mngeniita nani leo?"

"Hakufa," alisema mzee.

"Hilo halinipi haki."

"Wala halikunyimi," alisema Daktari Anande.

Niliwaomba wanipe mpaka asubuhi. Nakijwa simhesabu kati ya wanaostahili. Yeye ndiye aliyeitoa zawadi. Lakini aliniambia nitamwona mwenyewe, na jioni ile nyumbani kwangu niliona watu wanne wanaoweza kuwa huyo, mmoja wao kwenye kioo, akinyoa ndevu za siku tatu.

Asubuhi iliyofuata niliiacha saa mezani. Nilimvalisha Andazi mkanda wake, tukapanda sisi wawili. Bombani nilipiga magoti. Sikuwahi kupiga magoti mahali pale. Ilikuwa kazi ya Nakijwa. Niliweka sikio kwenye shingo ya mbwa, nikafumba macho. Sikusikia kitu ila moyo wake. Tulikaa hivyo kwa muda ambao siwezi kuwaambia ulikuwa kiasi gani.

Tuliposhuka, wote watatu walikuwa wamesimama nje ya geti. Mzee Shekalaghe amebeba kitanda kidogo cha mbao za mvinje, kimepigwa randa vizuri. Daktari Anande ana kifaa chake shingoni. Bi Mkunde hakubeba kitu, viganja vyake vimeangalia juu. Nilifungua geti. Andazi alikaa katikati yetu, akatutazama mmoja baada ya mwingine, bila haraka na bila sauti. Kamba ilikuwa bado mkononi mwangu.

Nimewaeleza yote, na sikupunguza dakika. Ungekuwa wewe umesimama pale getini, kamba ile ungeiweka katika mkono wa nani?